Vinyonga wa Ua Wangu

Jumapili, 12 Machi 2006

Mvua imefika leo katikati ya ibada. Imepiga mabati ya kanisa mpaka mhubiri akakatiza mahubiri, jambo ambalo wazee wa kanisa wamelijaribu miaka mingi wakashindwa. Tangu nistaafu ualimu sijaandika chochote isipokuwa majina ya miche kwenye vibao, na mkono unawasha. Basi nitaandika masika haya, siku iwe na neno au isiwe nalo.

Jumanne, 14 Machi

Nina hasira hata chai haishuki. Muigai, jirani yangu wa ng'ambo ya njia, ameng'oa ua wake wa kayaba wa mbele. Ulipandwa na mama yake kabla mimi sijaolewa hapa Waithaka. Miiba yake inatoboa soli ya kiatu, hakuna mwizi aliyewahi kuupita, na ndege walikuwa wamejaa humo. Sasa anataka ukuta wa mawe wenye vipande vya chupa juu, kwa sababu wapangaji wa siku hizi, anasema, wanapenda ukuta. Njia yetu nzima imeingiwa na ugonjwa huo. Umebaki ua wangu tu, na kipande chake Muigai cha nyuma, kule chini karibu na kijito.

Vibarua walipokuwa wakikata, vinyonga walianza kutoka. Walitambaa kwenye tope kwa ule mwendo wao wa kusitasita, na wanaume wazima wenye mapanga wakatimua mbio. Mmoja akajikaza, akarudi na ugoro, akamtilia kinyonga mdomoni kwa kijiti. Wakasimama kumtazama akigeuka mweusi na kufa. Nilivuka njia na viatu vya kanisani, nikawaambia mambo ambayo sitayaandika hapa. Kisha nikawaokota waliobaki, mmoja mmoja, nikawafunika kwa leso yangu na kuwahamishia kwangu. Madume wana pembe tatu usoni. Kulikuwa na jike mmoja ambaye tumbo lilikuwa limemjaa. Kinyonga wa aina hii hatagi mayai. Huzaa watoto hai, wadogo kama kijiti cha kiberiti. Nilifundisha hivyo darasa la sita kwa chaki tu, maana mwalimu mkuu hakutaka wazazi wamjie juu.

Muigai alisimama mbali, karibu na choo chake. "Mwalimu, wewe ni mtu wa kanisa," akasema. "Achana na hiyo kitu. Hiyo ndiyo ilichelewesha ujumbe wa Mungu, ikatuletea kifo."

Nikamwambia anayeleta kifo leo ni yeye. Mshamba kabisa, na nyumba za kupangisha anazo nne.

Jumatano, 15 Machi

Mvua kutwa. Sikuuza hata mche.

Alhamisi, 16 Machi

Leo kando ya Barabara ya Ngong, pale tunapouza miche na maua ya vyungu baada ya Adams Arcade, kulikuwa na kioja. Sisi ni wanawake watatu tunaoshiriki turubai moja na pipa moja la maji. Kuna mimi. Kuna Peres, ambaye ni mtu wa Siaya na rafiki yangu kuliko dada zangu, mwenye mkono wa kuotesha chochote hata fimbo. Kuna Mukonyo, mtu wa Machakos, ambaye ukimwambia jambo asubuhi, kufikia saa sita wanalijua mpaka wauza viti vya mbao kule mbele.

Kinyonga alikuwa ameketi ndani ya bogenvilia. Mukonyo akapiga ukelele, mteja akaangusha chungu, na Peres akapanda juu ya gunia la samadi akakataa kushuka. "Mama Shiru, hiyo kitu ikiniguza nitakufa hapa hapa," akasema, na hakuwa anafanya mzaha. Mukonyo tayari alikuwa anatafuta kaa la moto la kumchomea.

Iliniuma. Wanawake hawa wanajua udongo, wanajua mvua, wanajua mche utakaokufa kabla haujaanza kunyauka, halafu mdudu asiye na sumu wala meno ya maana anawapandisha juu ya samadi. Nikamshika, nikamweka begani, nikauza miche naye akiwa hapo mpaka jioni. Kumbe ualimu haustaafu.

Alhamisi, 23 Machi

Kwenye redio mtaalamu mmoja alieleza kwamba nyanda zetu za juu ni miongoni mwa sehemu chache duniani zilizosheheni viumbe wasiopatikana kwingine, na kwamba sehemu hizo zinaliwa upesi. Alitaja milima, misitu na maziwa. Hakutaja nyua za kayaba. Ningekuwa na simu yenye salio ningempigia, nimwambie aje Waithaka aone mambo yanavyoliwa na watu wenye toroli za mawe.

Jumatatu, 3 Aprili

Peres amemshika! Siku hizi zote nimekuwa nikimsogezea taratibu, leo aangalie macho yanayozunguka kila moja upande wake, kesho aangalie ulimi unavyochomoka. Leo akanyoosha kidole akiwa amefumba macho, kinyonga akapanda. Peres akafumbua jicho moja. "Miguu yake ni kama glavu," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, akampigia simu binti yake Everlyn kumwambia. Everlyn ana mimba, atajifungua mwezi wa sita, na Peres humpigia kwa kila kitu.

Nilirudi nyumbani nikiimba.

Ijumaa, 14 Aprili

Ijumaa Kuu. Mukonyo naye ameshika. Sasa wanashindana nani atamweka begani muda mrefu. Wauza viti wanakuja kutazama, na wawili wao wameshika pia. Nimeona nimefanya kazi kubwa kuliko miaka yangu yote ya chaki.

Jumanne, 18 Aprili

Amekuja mteja mstaarabu, Tobias, kijana wa shati lililopigwa pasi, anasema ana ofisi Hurlingham. Alinunua waridi mbili lakini macho yalikuwa kwa kinyonga wa Peres. Alimpiga picha kwa simu yake. Aliniuliza kwa adabu kabisa wanapatikana wapi na wanazaa lini. Nikafurahi mtu aliyesoma anauliza maswali ya maana, nikamweleza habari za kayaba za Waithaka mpaka akakosa pumzi ya kuitikia. "Madam, hawa ni special," akasema. "Hakuna kwingine kama hawa."

Angalau mmoja ameelewa.

Alhamisi, 20 Aprili

Mvua na matope. Mukonyo anaomba soksi kuukuu za watoto wa shule kwa kila mtu. Nimempa za binti yangu Shiru zilizobaki kabatini. Labda anatengeneza vishikio vya sufuria.

Jumatatu, 24 Aprili

Vinyonga wananiishia uani. Mwanzo wa mwezi huu, nikitoka na kikombe cha chai asubuhi, sikuwa nakosa kuwaona kadhaa kabla chai haijapoa. Leo nimetembea ua mzima mara mbili na kuona mmoja tu, mchanga. Yule jike mwenye mimba bado nilimwona juzi, pembeni kwa lango.

Nilijua moja kwa moja. Nilienda kwa Muigai nikamkuta akichanganya saruji, nikamwambia mbele ya vibarua wake kwamba anatuma watu wakaue wanyama wangu kwa ugoro. Alikana. Nikamwita mwongo, mtu anayefanya hata ua alioupanda mamake mwenyewe kuni. Alirudi kwa saruji yake, na shingo yake nyuma ilikuwa imekunjamana kama ya mtu mzee. Sikumhurumia hata kidogo.

Jumapili, 30 Aprili

Leo nilitoka kanisani kabla ya sadaka ya pili kwa sababu tumbo lilinisokota. Nilipokata kona ya njia yetu niliwaona wanawake wawili kwenye ua wangu, wameinama, wamejifunga magunia mikononi kukinga miiba. Nilidhani ni watu wa kuokota kuni. Kisha mmoja akageuka, na alikuwa Peres.

Chini palikuwa na karai la plastiki lenye soksi. Soksi za kijivu za shule, zote zimefungwa fundo juu, nyingine zikicheza kidogo. Mukonyo ndiye aliyeongea kwanza, kwa sababu hawezi kufanya vingine. Alisema Tobias ananunua, analipa kwa kichwa kimoja zaidi ya faida ya wiki ya miche, anawapeleka ng'ambo, wazungu wanawafuga ndani ya nyumba kama paka. Gizani wanatulia, alisema, ndiyo maana ya soksi. Walianza kwa njia za kule Dagoretti, wakamaliza, wakaja huku. Wauza viti nao wanakusanya. Watu wanakusanya mpaka Uthiru.

Nilipiga magoti nikaanza kufungua soksi. Wengine walitoka. Wengine walitoka wakiwa wamelegea. Kwenye soksi ya sita au ya saba alikuwa jike wangu wa langoni, amezalia humo humo ndani. Watoto walikuwa wamebanwa kwenye ncha ya soksi, wamekuwa donge moja. Nilipowatenganisha wachache walisogea. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga macho na amekuwa mweusi. Nilimweka kwenye tawi akaanguka, nikamweka tena akaanguka.

Nilimwuliza Peres kama hana haya. Nilimwuliza ninyi ni watu gani, mnakula mezani kwangu kisha mnaniibia nikiwa kanisani. Nilisema mengi. Alingoja nimalize, akiwa ameshika magunia yale kifuani.

"Si wewe ndiye ulinifunza kushika?" akasema. "Mimi nilikuwa naogopa, Mama Shiru. Hii mikono yangu ilikuwa inaogopa. Wewe ukasema haina shida."

Wakaondoka na karai tupu. Nimekaa kwenye ngazi mpaka mvua ikanilowesha. Nilikuwa nimewakasirikia kwa ujinga wao, ule wa kupanda juu ya samadi. Huo ujinga ndio uliokuwa umefunga mikono ya Waithaka yote. Hakuna aliyegusa kinyonga, kwa hiyo hakuna aliyeuza kinyonga. Nikaja mimi na chaki yangu.

Jumanne, 2 Mei

Nimeenda mjini, katika ofisi moja ya serikali inayohusika na wanyama. Nilipelekwa mlango wa tatu, kisha wa kwanza, kisha nikaambiwa ningoje chini ya picha ya ndovu. Afisa alinisikiliza huku akikata kucha. Aliniuliza, "Mama, amekuuma?" Nikasema kinyonga haumi watu. Akaniuliza basi nalalamika nini. Nilimweleza soksi, ng'ambo, jike. Alisema ni kweli kuwatoa nchini bila kibali ni kosa, lakini magari yao yameenda Tsavo, na nikimpata huyo Tobias akiwa na mzigo mkononi nimlete.

Nimlete! Nimbebe kwenye leso, labda. Nilitoka nikapita mtaa mzima bila kuona ninapokanyaga. Wanaweka ndovu ukutani, wanasimama chini yake wakikata kucha.

Ijumaa, 5 Mei

Peres na mimi tunauza chini ya turubai moja bila kuongea. Anamwagilia vyungu vyangu nikiwa sipo. Najua kwa sababu udongo uko na maji.

Jumamosi, 6 Mei

Nilienda kumwomba Muigai msamaha. Ilibidi. Alikubali bila kunitazama, akasema maneno ni upepo, akaniomba nimsaidie kutafuta mwanakondoo wake aliyekimbilia kijitoni. Tukashuka mpaka nyuma ya shamba lake, kwenye ule ua wa zamani ambao hajaung'oa.

Walikuwa kila mahali. Madume wenye pembe, majike, watoto wa wiki hii wakiwa kwenye ncha za matawi. Muigai yeye alisimama hatua nyingi nyuma, mkono kwenye jembe. Akaniambia wale wanawake wenye soksi walifika kwake pia, wiki mbili zilizopita, wakataka kumlipa ili waingie. Aliwafukuza kwa jembe. Hataki mtu aguse hizo kitu halafu apite uani kwake. Ule ua wa nyuma hataung'oa kamwe, kibarua gani ataingia huko, na yeye mwenyewe haingii hata alipwe.

Mtu niliyemwita mshamba, niliyemwita mwongo, ndiye peke yake katika Waithaka yote ambaye kwake vinyonga wanazaa kwa amani. Na si kwa sababu anawapenda. Amekula kiapo cha kuwaogopa.

Nimepika usiku bila hamu nikifikiria hilo. Sina gari la kwenda Tsavo. Sina afisa. Nina mdomo, na watu huamini ninachosema kwa kuwa ni Mwalimu.

Jumatatu, 8 Mei

Nimefanya. Nilimvuta Mukonyo kando, nikamwambia asimwambie mtu.

Nikamwambia kuna mwanamke wa upande wa Ndeiya, sitamtaja, aliyekuwa akiwakusanya kama wao. Ngozi ya mikono imemtoka kama ganda la viazi. Halafu alimpapasa tumbo mke wa mwanawe, na mtoto akazaliwa hatoi sauti, analia bila sauti, kama kinyonga. Nikamwambia kwamba mimi nilikosea. Nikasema vitabu vya zamani havikuwa na habari hii, daktari mmoja ameniambia. Mukonyo aliangalia mikono yake. Nilikuwa na hasira bado, na hasira ilinisaidia kuongea bila kupepesa.

Kufikia saa nane muuza viti mmoja alikuja kuniuliza kama sabuni inatosha.

Ijumaa, 12 Mei

Tobias amekuja na pikapu. Hakuna aliyemletea kitu. Wauza viti walimwambia aondoe hiyo laana yake, mmoja akamrushia kipande cha ubao. Mukonyo alijificha nyuma ya pipa. Kijana akaniangalia mimi, mstaarabu vile vile, akauliza kumetokea nini. Nikamuuliza kama atanunua waridi. Aliondoa gari na matope yakamrukia kila mtu.

Nilicheka. Nakiri nilicheka sana.

Jumamosi, 13 Mei

Mvua ndogo. Watatu uani.

Jumatano, 17 Mei

Peres alikuja nyumbani jioni hii. Hajakanyaga kwangu tangu ile Jumapili. Alikuwa amefunga mikono yote miwili kwa vitambaa, na alipovifungua ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka mpaka vifundoni. Nilisogeza taa karibu. Halafu akaniambia amekuwa akiilowesha kwenye dawa ya kufulia nguo nyeupe, kila asubuhi na kila jioni, tangu asikie.

Everlyn analala kitanda kimoja naye. Amekuwa akimsugua mgongo na tumbo wiki zote hizo za soksi, alisema, kabla hajajua. Sasa hamgusi. Anamwekea chakula mlangoni na kumwambia ana homa. Msichana analia anadhani mamake amemkataa kwa sababu ya mimba.

Mimi sikumfikiria Everlyn. Nilitunga mtoto asiye na sauti kwa sababu ilikuwa hadithi kali, na sikumfikiria.

Nilitaka kumwambia. Namwandika Mungu shahidi hapa, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini nilijua Peres akijua leo, Mukonyo atajua kesho, na Tobias yuko na pikapu, na ule ua wa kijitoni una watoto wa wiki mbili.

"Mama Shiru, wewe hudanganyangi mtu," Peres akasema. "Niambie tu. Ni ukweli?"

"Ni kweli," nikasema. "Lakini wewe uliacha mapema. Ukikaa bila kuwagusa tena kabisa, mtoto hatapata neno. Na hiyo dawa uiache, Mungu ameona mikono yako."

Alinishukuru. Alinishika mabega kwa viwiko, asiniguse kwa viganja, akanishukuru mara nyingi. Nilimpaka mafuta ya kujipaka, na alipoondoka nilijifungia jikoni. Nimekasirika kuliko nilivyomkasirikia Muigai, na Tobias, na yule wa kucha. Sijui nimwendee nani nimfokee.

Alhamisi, 25 Mei

Kuna jua. Uani wapo wengi kiasi, na wote wanazunguka. Hakuna mtu anayepita njia yetu bila kujiweka upande wa ukuta wa Muigai.

Jumapili, 11 Juni

Mvua imekwisha. Everlyn amejifungua juzi, msichana, mzito, mwenye sauti ya kuangusha mabati. Baada ya kanisa nilienda kuwaona. Peres alinikumbatia mlangoni kwa mikono yote, akawaambia wanawake wote waliojaa chumbani kwamba mimi ndiye niliyemwokoa huyu mtoto, mimi niliyemwambia aache mapema. Wamempa jina langu, Wangeci, pamoja na la kwao. Wanawake walipiga vigelegele. Mukonyo alilia.

Everlyn akaninyooshea mtoto nimpakate. Kabla sijapokea, Peres akaingia katikati yetu kwa upole. Aliniuliza kama leo asubuhi, pale kwangu, nimegusa kile kitu.

Nilikuwa nimegusa. Nilimtoa mmoja njiani asikanyagwe.

Peres akaniletea beseni na sabuni. Chumba kizima kilinitazama, nami nikanawa mpaka kwenye viwiko.